Nani Hakusikia

Mimi Ashura nina ugonjwa mmoja: sipendi mtu aniulize swali halafu acheke kabla sijajibu. Na mwaka huu nimeulizwa swali lile lile kisimani, sokoni Nachingwea, hata msibani, mtu ana machozi bado mashavuni. Eti mtoto wa kaka yako anataka kwenda chuo kikuu kusomea kuongea? Halafu kicheko. Basi nimeona niieleze habari ya Tunu yote, toka mwanzo, kila mtu aipate, na mimi nipumzike.

Tunu ni binti wa kaka yangu Hasani na mkewe Mwamina. Tupo Mkotokuyana, watu wa mikorosho na mihogo, na nyumba yangu inatazamana na ya kwao. Asubuhi nauza vitumbua, jioni nauza maneno, kama anavyopenda kusema shemeji yangu Ismaily. Huyu Ismaily ni kaka yake Mwamina, mjomba wa Tunu, na mjueni vizuri maana ndiye aliyetaka kutuharibia shughuli.

Ismaily ndiye anayeshika kipaza sauti cha msikiti wetu. Kukiwa na msiba anatangaza yeye. Chanjo ya watoto, mkutano wa shule, mbuzi aliyepotea, siku ya kupuliza dawa mikorosho, yote ni yeye, baada ya swala ya magharibi. Sauti anayo, hilo simnyimi. Akimaliza anatoka nje, viatu mkononi, na mtu wa kwanza atakayekutana naye anamwuliza, "Mmesikia?" Sasa mtu aliyesimama mlangoni mwa msikiti ataacheje kusikia? Anajibu ndiyo, na Ismaily anakwenda zake nyumbani ameridhika.

Siku moja Tunu akiwa mdogo, meno ya mbele hana, Ismaily alitangaza kwamba wazee wote waende zahanati kesho yake, amekuja daktari wa macho. Akatoka na viatu vyake, akamkuta Tunu kasimama na mimi, akatuuliza kama kawaida yake. Mtoto akamjibu kwamba Bibi Somoe hakusikia. Ismaily akacheka sana. Bibi Somoe ni kiziwi, alisema, atasikiaje? Na ni kweli, yule bibi masikio yalikuwa yamekufa siku nyingi, anaongea vizuri ila hasikii hata radi. Tunu hakubishana. Alikwenda mpaka kwa bibi, akamshika mkono, akamwonyesha jicho, akamwonyesha njia ya zahanati, akalala kichwa juu ya viganja kisha akaamka, maana yake kesho. Kesho yake wa kwanza kwenye foleni ya macho alikuwa Bibi Somoe. Tangu hapo mtoto akawa na desturi hiyo: kila mjomba wake akitangaza, yeye anakimbia kwa Bibi Somoe kumpelekea lake.

Nasema haya kwa sababu watu wanadhani wazo la chuo lilimwingia kutoka kwenye simu. Hapana. Alipofika kidato cha nne alikwishajua anakokwenda. Alijua jina lake, shahada ya mawasiliano ya umma, akalisema jikoni kwangu huku ananisaidia kukoroga unga wa vitumbua. Akanieleza kwamba njia ziko mbili. Unaweza kuanzia cheti, ukapanda stashahada, ndipo digrii, polepole. Au unasoma kidato cha tano na sita, ukafaulu vizuri masomo yanayotakiwa, unaingia digrii moja kwa moja. Yeye alichagua ya pili, akachagua na masomo, Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu ndiyo yanayofungua mlango ule. Mkorosho usipoushughulikia mapema, mwezi wa kumi usilalamike. Hilo kila mtu huku analijua kwa shamba, ila kwa mtoto wanasahau.

Kidato cha tano na sita alisoma Ruangwa, bweni. Huko nako hakutulia. Alimtafuta dada mmoja anayetangaza redio, akamngoja nje siku ya Jumamosi, akamwuliza bila haya alisomea wapi, alifundishwa nini, kazi ikoje. Yule dada akamwambia kutangaza ni kipande kidogo tu, kwamba wanafundishwa kwanza kumjua anayesikiliza, na kupima kama ujumbe umefika. Tunu alirudi likizo anaimba hilo neno, kufika, kufika, mpaka mama yake akamwambia afike kisimani kwanza.

Matokeo yakatoka, amefaulu. Tuliimba, tulichinja kuku, Hasani akalia, na kaka yangu si mtu wa kulia. Maombi ya chuo Tunu akayatuma kwa simu, na mkopo wa serikali akauomba. Mwisho wa mwezi wa nane majibu yakaja: amechaguliwa sehemu mbili. Mtwara, ualimu. Mwanza, mawasiliano ya umma. Anatakiwa athibitishe moja, na dirisha la kuthibitisha lina siku ya kufungwa. Ukipitiliza, nafasi anapewa mwingine.

Asiye wa huku anaweza kuuliza sasa, baba yupo, mama yupo, shida iko wapi? Shida ni kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kaka yangu anaweza kulima, kusomesha, kuvisha. Likija suala la kuoza au kumpeleka mtoto mbali, anakaa pembeni anangoja shemeji yake aseme. Mimi shangazi ndiyo kabisa, natakiwa nipike tu. Ila Ismaily ni shemeji yangu, na shemeji anataniwa, basi haki hiyo naitumia mpaka inachakaa.

Ismaily alikataa. Alikataa kwa upole, na hiyo ndiyo iliyonitia hasira, maana mtu akikataa kwa kelele unapata pa kuanzia. Alisema ualimu ni kazi inayojulikana, na Mtwara tuna ndugu. Mwanza tuna nani? Kisha akasema lile lililomkaa moyoni hasa. Alisema yeye ametangaza miaka yote, hajawahi kusomea, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia hakusikia. Nani anakwenda chuo kikuu kusomea kusema?

Tunu aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, mjomba." Akatoka. Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamkuta anapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Aliniambia hawezi kwenda bila kauli ya mjomba, hata kama sisi wengine tutamsukuma. Akienda hivyo atakuwa ameivunja nyumba ya mama yake. Na Mtwara akienda atakuwa mwalimu mzuri tu, ila kila siku atakuwa anaangalia dirishani. Mimi nilikuwa na maneno mengi kuhusu Ismaily. Nilimwambia machache.

Hapo sasa ndipo wakaingia ng'ombe.

Mnajua wale wafugaji wa Kisukuma waliokuja na mifugo yao miaka hii ya karibuni. Wapo waliokaa upande wa Matambarale, Ruangwa, na wapo waliojenga maboma kwetu, bondeni nyuma ya kilima. Aliye karibu nasi kuliko wote ni mzee Jeremia, mtu mrefu, mkimya, ana ng'ombe wengi na binti mmoja anayeitwa Minza. Minza anatuletea maziwa jioni kwa baiskeli, na yeye na Tunu ni marafiki. Mengine yote kati yetu na wao yalikuwa salamu ya mbali tu. Sisi tunasema mifugo yao inakula mashamba yetu, wao wanasema tumewafungia njia za maji.

Wiki ile ilikuwa ya kupuliza dawa ya maji, ile ya mbu wa mikorosho. Kwetu tunapuliza kwa pamoja, shamba kwa shamba, mashine moja inazunguka. Ismaily akatangaza baada ya magharibi: kesho tunapuliza kwa Bibi Zena mpaka kwa Bibi Fatu, mifugo isipite mpaka majani yakauke dawa. Akatoka, akauliza kama mmesikia, akajibiwa. Kesho yake dawa ikapigwa asubuhi. Mchana ng'ombe wa Jeremia wakaingia humo humo, wakala majani chini ya mikorosho iliyokuwa inadondoka dawa. Jioni mtamba mmoja alikuwa amekufa, na wengine wanatoa mapovu.

Asubuhi iliyofuata Jeremia alikuja kwenye baraza ya Ismaily na wanaume wa maboma yao. Mfugaji hatembei bila fimbo, hilo tunalijua, lakini siku ile fimbo zilishikwa vingine. Na vijana wetu nao wakatokea na mapanga, wanasema eti walikuwa wanatoka shamba. Shamba gani hilo, na viatu havina hata vumbi? Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walijaa baraza nzima, na neno lilikuwa linaoza tukiliona.

Jeremia alisema kwa sauti ya chini kwamba amewekewa sumu. Ismaily akasimama, akasema yeye alitangaza, kijiji kizima kilisikia, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jeremia akasema yeye hakusikia kitu. Ismaily akasema haiwezekani. Wakawa wanarushiana hayo hayo, sauti zinapanda, na kijana mmoja wa kwetu akaanza kusogea mbele. Mwamina akanishika mkono. Nilikuwa naogopa, nasema wazi.

Tunu ndiye aliyepita katikati. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake, kama tunavyofanya tukitaka kusema na mkubwa mbele za watu, akaomba ruhusa ya kuuliza jambo moja tu. Ismaily hakuweza kumkatalia mtoto aliyepiga magoti. Tunu akageuka, akamtazama Minza aliyesimama nyuma ya baba yake na baiskeli, akamwuliza kama jioni ile ya tangazo alikuwa kijijini kwetu na maziwa.

Minza alimtazama baba yake kwanza. Baba akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwepo," Minza alisema. "Nilisikia yote. Nikamwuliza mtoto mmoja pale kisimani, Bibi Zena anakaa wapi, nikamwulize shamba lake ni lipi. Akaniambia Bibi Zena alikufa zamani. Nikaenda kumwambia baba, wametangaza habari ya marehemu msikitini."

"Tukajua ni dua," Jeremia akamalizia. "Mtu amekufa, watu wanamwombea. Mimi ningeingilia dua ya watu, nikaulize ng'ombe wapite wapi?"

Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Maana ni kweli, kwetu mashamba tunayaita kwa majina ya bibi waliofyeka msitu, na bibi wenyewe wako kaburini tangu hatujazaliwa. Bibi Zena hata mimi sikumwona. Mtoto wa hapa akitajiwa Bibi Zena anajua ni kuanzia kichuguu kikubwa mpaka njia ya kwenda Nambambo, hahitaji kufundishwa. Mgeni anajuaje? Tumeishi na watu hawa misimu mitatu, tunawatangazia kwa majina ya wafu wetu, halafu tunasema hawasikii.

Wazee wote wakakaa chini, vijana wa fimbo na wa mapanga wakaambiwa waende nyumbani, na habari ya yule mtamba ikamalizwa kwa maelewano ambayo si yangu kuyasimulia. Ila Ismaily alibaki na jeraha. Kusahihishwa na mpwa wako mbele ya kijiji ni dawa chungu, hata kama mpwa amepiga magoti. Jioni ile alimwambia Tunu, mbele yetu, kwamba upande wa pili wa mashamba unapulizwa Jumatano, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye elimu ya kusema, basi tangazo hilo alifanye yeye. Alisema hivyo kumkomesha. Tunu akasema asante, mjomba, kwa furaha, na hilo lilimchanganya Ismaily zaidi.

Siku zilizofuata nilimwona mtoto yule akifanya kazi. Kwanza hakutangaza chochote. Alikwenda na Minza kuzunguka mashamba yatakayopulizwa, akimwuliza wewe hapa ungepaitaje, na hapa je. Minza anapajua kwa macho ya ng'ombe: penye maji, penye kivuli, njia ya mchanga, jiwe jeusi. Maneno hayo hayo Tunu akayachukua. Halafu akaja kwangu kuniomba kanga nyekundu kuukuu, nikampa ile niliyozawadiwa na Ismaily Idi moja, nikamwambia aichane vizuri. Akachana vitambaa, wakafunga kwenye mikorosho ya mpakani, kila mahali ng'ombe wanapoingilia. Kisha akaandika maneno machache, yeye akayasema kwa Kiswahili na Minza akayasema kwa Kisukuma, wakayarekodi kwa simu. Yale ya Minza yakatumwa kwenye simu za maboma yote, mpaka ya upande wa Matambarale, maana ng'ombe hawajui mpaka wa wilaya. Kwa wasio na simu kubwa, Minza na wenzake wanaouza maziwa wakapewa kazi ya kuyasema kwa mdomo.

Na hapo bado. Jumanne mchana Tunu alikwenda mwenyewe bondeni, na mimi nikamfuata, siwezi kukosa jambo kama hilo. Akasalimia kwa lugha yao, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, japo saa yake ilikuwa imeshapita, watoto wakamcheka. Akawaacha wacheke. Kisha akawauliza wachungaji mmoja mmoja: kesho hamwendi wapi? Hakuwaambia, aliwauliza. Aliyekosea alimrudia polepole mpaka akapata. Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini anajichosha wakati ujumbe ameshautuma. Akaniambia, shangazi, kutuma ni kwangu, kufika ni kwao.

Na magharibi Ismaily alitangaza msikitini vilevile. Tunu mwenyewe ndiye aliyemwomba. Alimwambia wa kwetu wamezoea sauti yake, akikosekana watadhani hakuna dawa. Ismaily akatangaza, na safari hii baada ya kusema kwa Bibi Fulani akaongeza, yaani kwenye jiwe jeusi. Nilimsikia kutoka jikoni. Nikatabasamu peke yangu.

Jumatano asubuhi Ismaily hakwenda kupuliza. Alipanda kilimani akakaa, na mimi nikapanda na ndoo ya vitumbua vilivyobaki, nikamkuta. Chini yetu mashine ilikuwa inanguruma na moshi wa dawa unatembea juu ya mikorosho. Ng'ombe wa Jeremia walitoka bomani, kundi lote, wakaja moja kwa moja kama siku zote. Ismaily akasimama. Wakafika penye kitambaa chekundu cha kwanza. Mchungaji akapiga mluzi, akatangulia mbele, kundi likageuka kushoto, likashika njia ya mchanga kuelekea majini. Hata ndama mmoja hakuvuka. Nyuma yao likaja kundi la boma jingine, nalo likageuka pale pale.

Ismaily alikaa chini tena. Akala kitumbua. Na mimi kwa mara ya kwanza sikumtania.

Tunu alipopita njia ya chini na Minza, Ismaily alimwita. Akamwuliza, "Haya ndiyo mnayokwenda kusomea?"

"Huu ni mwanzo wake tu, mjomba," Tunu alisema. "Mimi leo nimebahatisha. Nataka wanifundishe nisiwe nabahatisha."

Ismaily akamwambia aje barazani kesho, na baba na mama yake. Na shangazi yake, aliongeza, maana hata asipoitwa atakuja.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa Ijumaa. Tulikaa barazani baada ya swala ya alasiri, Hasani anakuna magoti, Mwamina anakunja pindo la kanga na kulikunjua. Ismaily alianza kwa kusema kwamba mtu mzima akikosea anasema. Alisema alidhani kutangaza ni kutoa sauti, na amejionea kwamba si hivyo. Juu ya masomo hana tena neno, mtoto asome alichochagua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kigelegele, akaninyooshea mkono.

"Lakini Mwanza hatuna mtu," alisema. "Mtoto wetu akiugua usiku, nimpigie nani? Nipeni jina moja tu, nami naridhia."

Nilitafuta la kumrushia nikakosa, kwa sababu safari hii hakuwa mkaidi, alikuwa na haki. Nyumbani kwetu hajawahi kufika mtu Mwanza. Tunu aliangalia simu iliyokuwa mapajani mwake. Aliniambia baadaye kwamba pale alikuwa ameshaanza kujifunza kuipenda Mtwara.

Minza alikuwa ameshafika na maziwa, amesimama uwanjani anangoja chombo. Hakuna aliyemwona alivyoondoka, ila baiskeli na ndoo aliviacha. Mwamina alikuwa ametoa chai ili angalau mikono ya watu ipate kazi, tukasikia pikipiki. Minza huyo nyuma ya dereva wa bodaboda, na nyuma yake mzee Jeremia, magoti yamefika mabegani. Alishuka, akaacha fimbo yake chini ya mti nje ya uwanja, akaja barazani mikono mitupu. Ismaily akampisha mkekani.

"Nimesikia hamna mtu Mwanza," Jeremia alisema. "Mimi nilikuja huku sina mtu. Najua ilivyo. Lakini nyie Mwanza mnaye mtu. Dada yangu Bertila anakaa Kisesa, kutoka pale kwenda mjini ni gari moja."

Akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti kubwa katikati ya mkeka. Ikapokelewa na mama mwenye sauti ya kuzidi hata ya Ismaily. Jeremia akamweleza kwa Kisukuma, marefu, na tukasikia jina la Tunu likipita humo mara kadhaa. Kisha yule mama akageukia Kiswahili.

"Huyo ndiye mtoto aliyezigeuza ng'ombe? Minza alinitumia ile sauti, nimeisikiliza na majirani. Mwambieni aje. Chumba cha Minza kipo wazi tangu walivyohama. Anakula dagaa?"

"Anakula," nilijibu mimi, kabla mwenye kauli hajapumua.

Ismaily akainama kwenye simu, akasafisha koo kama yuko msikitini, akajitambulisha. Alisema yeye ni mjomba wa mtoto, ndiye mwenye mtoto, na kwamba anamkabidhi kwake. Yule mama akajibu kwamba amempokea, na akija mjomba mwenyewe kumtembelea atapokewa vilevile. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulikuwa tumekaa misimu mitatu na dawa yetu bondeni, tunaisalimia kwa mbali.

Simu ilipokatwa, Ismaily alimgeukia Tunu. "Thibitisha Mwanza," alisema.

Tunu akabonyeza. Namba ya siri akaikosea, akairudia. Ikaja meseji ya kumpongeza, akaisoma kwa sauti, na hapo sasa kigelegele nilichokuwa nimekizuia kilitoka chote, na Mwamina akadakia, na Minza akadakia kwa namna ya kwao ambayo ni ndefu kuliko yetu. Hasani akalia tena. Nimeshazoea.

Magharibi ile nilisimama uwanjani kwangu kusikiliza. Ismaily alitangaza kama ifuatavyo, na sijaongeza neno: "Tunu, binti wa Hasani na Mwamina, nyumba inayotazamana na muuza vitumbua, kwa msiomjua, yule msichana wa vitambaa vyekundu, anakwenda chuo kikuu Mwanza kusoma mawasiliano ya umma. Mwombeeni." Jirani zangu wa kisimani, wale wa kicheko, walikuwa wamesimama na ndoo zao. Niliwatazama mmoja mmoja. Hakucheka mtu.

Ismaily akatoka, viatu mkononi. Akanikuta mimi wa kwanza. Nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu lile swali lake la siku zote. Akanitazama, akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Shemeji, nani hakusikia?"

Halafu hakungoja jibu, alikwishalijua. Akavaa viatu, akashika njia ya kwa Bibi Somoe, na mimi nyuma. Tulimkuta bibi amekaa mlangoni na kibatari chake. Ismaily akachuchumaa mbele yake, mzee mzima, akaanza. Akaonyesha kimo cha Tunu. Akafungua viganja kama kitabu. Akanyoosha mkono mbali, mbali zaidi, akatafuta namna ya kuonyesha ziwa akashindwa, akaonyesha pembe za ng'ombe kichwani mwake.

Bibi Somoe alimwacha ahangaike mpaka jasho likamtoka. Kisha akamshika ule mkono wenye pembe, akaushusha.

"Ismaily, mwanangu, unajichosha," alisema. "Tunu kashakuja kuniambia."